Uso Nilioukwangua kwa Wembe

Wino ulikuwa umekaukia chupani, lakini nilipozungusha kifuniko harufu ilitoka yote, kafuri iliyochanganyika na kitu kilichooza kidogo. Tulikuwa tumemzika Kaku siku nne kabla. Kaku ndivyo tunavyomwita babu katika familia zetu zilizotoka Kasai, na huyu alikuwa babu yangu mzaa baba. Wakubwa walikuwa wanagawana vitu vyake sebuleni: redio, koti la baridi, viti viwili. Sanduku la mbao lenye kalamu hakuna aliyelitaka. Shangazi akanisukumia kwa mguu, mimi msomi wao. "Chukua weye. Weye njo ulisoma." Nililifungulia jikoni, nikaanza na chupa, na harufu ile ikanitosha. Nikalifunga.

Wenzangu wa chuo kikuu Lubumbashi wanaijua hadithi ya sanduku hili, au wanafikiri wanaijua. Nimewasimulia mara nyingi, kwenye chupa za bia na hata mara moja darasani. Mimi ni mtu wa kuuliza. Nawauliza maprofesa wamepata wapi wanayosema, nawauliza wachungaji, namuuliza mama yangu mpaka anachoka. Hadithi hii ilikuwa ushahidi wangu mkubwa: mtoto mmoja, wembe mmoja, na umati wa watu wazima walioamini kwamba marehemu mmoja amegeuza uso. Mnaona jinsi watu wanavyotaka kuamini? Wanacheka, na mimi nacheka. Kuna sehemu moja niliyoiacha kila mara, na katika wote wale waliosoma hakuna aliyewahi kuiuliza. Hawakuuliza mjane wa marehemu yule alikwenda wapi.

Kaku alikuwa mchoraji wa mitambo katika kampuni ya migodi. Baba yake aliletwa Likasi kuchimba, na yeye, kwa sababu mkono wake ulikuwa umetulia, akapanda mpaka ofisini, kwenye meza ndefu iliyoinamishwa. Alichora mabomba, ngazi, magurudumu, milango ya maji ya bwawa la Mwadingusha. Nilipopata akili kazi ilikuwa imeshakwisha. Alibaki na sanduku, na bunda la karatasi ya kalke, ile ngumu inayopitisha mwanga, ambayo alikuwa ameikunja na kuileta nyumbani siku ya mwisho. Alikaa barazani, ubao magotini, chupa ya wino ndani ya kopo ili isianguke.

Nilikuwa na miaka tisa aliponiweka kalamu mkononi. Mwezi mzima hakuniruhusu kuchora kitu chochote chenye jina. Mistari tu. Mistari iliyosimama, mistari iliyolala, halafu ile ya kupishana inayotengeneza kivuli. Kalamu ilikuwa mti mwembamba wenye ncha ya chuma iliyopasuka katikati, na ilikuwa na hasira.

"Vuta, mama," aliniambia. Aliniita mama mimi mjukuu wake wa kike, kama wafanyavyo wazee wetu wote. "Vuta kuja kwako. Ukisukuma, itakutemea mate."

Nikasukuma, ikanitemea mate. Matone meusi yakanirukia mpaka kwenye kola ya sare ya shule. Kaku akacheka akakohoa.

"Sasa utaogopa. Ni muzuri. Mutu wenye haogope wino, hafundishike."

Kitu cha kwanza kupewa nikichore kilikuwa jiwe la kijani, yale yanayookotwa kila mahali kwetu. Nililichora duara na kuliwekea mistari. Aliangalia mara moja tu.

"Hii ni jiwe ile unajua. Miye nataka ile unaona."

Sikuelewa tofauti. Nilidhani ananionea.

Nilichoelewa haraka ni wembe. Siku nilipovusha mstari mmoja mpaka ukakata sufuria nzima niliyoichora kwa siku mbili, nililia. Kaku akatoa wembe kwenye karatasi yake, akaulaza karibu kabisa na kalke, akaanza kukwangua, taratibu, krr, krr. Wino ukawa vumbi. Akalipuliza, halafu akasugua mahali pale kwa ukucha wa kidole gumba mpaka pakalainika tena. Mstari haukuwepo. Karatasi haikutoboka. Niliinua kalke kwenye mwanga, sikuona kitu isipokuwa ukungu kidogo, ambao lazima uambiwe uko wapi ndipo uuone.

"Kalke haiwekake kinyongo," akasema.

Upande wa pili wa ukuta wetu alikaa Serge. Alikuwa mchimbaji kwenye mashimo ya Kamatanda, kijana wa kucheka kwa sauti. Pamoja na mke wake, ambaye sisi watoto tulimwita Yaya Tereza, yaani dada mkubwa, walifyatua matofali wakayachoma wenyewe, wakajenga vyumba viwili kwenye kiwanja cha marehemu baba yake. Mimi niliwapelekea maji wakati wanakanyaga udongo. Yaya Tereza alininyooshea miguu yake yenye matope akasema, "Ona viatu yangu ya ndoa." Mjomba wake Serge hakumpenda. Alisema huyu amekuja na mikono mitupu, na mwaka mzima tumbo halionekani.

Shimo lilimwangukia Serge asubuhi moja. Walimtoa, wakamleta kabla ya mchana, jeneza likafungwa mara moja na mama yake hakuruhusiwa kuangalia. Picha pekee aliyokuwa nayo ilikuwa ya kadi ya kupigia kura, na kadi ilikuwa mfukoni mwake shimoni, ikasagika. Kwetu matanga bila sura ya marehemu ni jambo zito. Watu wanaingia, wanataka kumwambia maneno ya mwisho, sasa wamwambie nani?

Mama Serge alikuja barazani kwetu bila viatu.

"Baba, weye ulikuwa unachora. Unitengenezee sura ya mutoto wangu."

Kaku alinyoosha mikono yake mbele yake. Ilitetemeka. Kutetemeka kulikuwa kumeanza miaka ile.

"Mikono ilishakatala, mama. Lakini huyu atachora."

Alinionyesha mimi. Nilikuwa na miaka kumi. Sijawahi tena kuaminiwa namna ile na mtu yeyote.

Kaku akaenda na wanaume kwenye makaburi. Mimi nikabaki na kalke nyeupe. Nikafumba macho nimtafute Serge. Nikapata shati lake jekundu. Nikapata kicheko chake, vumbi kwenye nywele, kovu juu ya nyusi ya kushoto. Uso sikuupata. Nilikuwa nimekaa ukuta kwa ukuta naye maisha yangu yote, na sikuwa nimemwangalia hata siku moja. Saa moja ikapita, kalamu ikanikaukia mkononi.

Kaka yangu Patriki alikuwa amelala mkekani, chali, mdomo wazi kidogo. Alilingana na Serge kwa umri. Taya lao lilikuwa kama moja. Nikasogeza ubao.

Nilimchora Patriki. Nilimfungua macho, nikamfunga mdomo, nikamvalisha kola ya Serge, nikamwekea kovu la Serge. Ilikuwa mara ya kwanza kuchora kile ninachokiona. Ilikuwa picha nzuri, na hilo nalo linaniumiza hadi leo, kwamba ilikuwa nzuri.

"Njo yeye!" Mama Serge alipiga kelele. "Njo yeye kabisa, angalieni ile kovu!" Akaibusu karatasi. Wamama wakalia upya. Mmoja akanishika mashavu: "Haka katoto kako na mukono ya mulaika." Kaku alipanguza macho. Nilitembea siku ile kama mtu mzima.

Waliiweka picha kwenye kiti chenye shuka jeupe, chumbani kwa Serge, na Yaya Tereza akakaa chini kando yake, juu ya mkeka, kama mjane anavyotakiwa. Watu waliingia mmoja mmoja. Mimi nilisimama mlangoni nisikie wanavyoisifu. Hawakuisifu. Waliiambia.

"Serge, uende. Usigeuke nyuma."

"Serge, hii fasi haiko yako tena. Njia ni ile."

Na Mama Serge, sauti imekauka: "Uende na magonjwa yetu yote, mwanangu. Uibebe yote."

Walisema hivyo wakiutazama uso wa kaka yangu machoni.

Asubuhi ya pili Patriki hakuamka. Alikuwa anatetemeka chini ya mablanketi mawili, macho mekundu, anaita maji. Siku moja kabla alikuwa amemwambia baba kwamba atachukua nafasi ya Serge kwenye timu ya wachimbaji wa Kamatanda. Mtoto wa miaka kumi anajua kujumlisha. Watu sitini walikuwa wanamfukuza kaka yangu duniani, na anwani yake niliiandika mimi.

Nilichukua wembe wa Kaku.

Ilikuwa mchana. Wanaume walikuwa wamekaa chini ya turubai, wamama wanatwanga sombe, kisamvu chetu, nyuma ya nyumba, na kila kinu kilipopiga ukuta uliitikia. Yaya Tereza alikuwa amelala ubavu, uso ukutani, amejifunika kitenge mpaka kichwani. Nikapiga magoti mbele ya kiti. Nikaulaza wembe kama nilivyofundishwa. Nilianza na macho. Halafu pua, mdomo, taya, na lile kovu. Nilikwangua na kupuliza, nikakwangua na kupuliza, nikasugua kwa ukucha mpaka pakang'aa. Sijawahi kufanya kazi safi kama ile. Nywele nikaziacha, masikio nikayaacha, kola nikaiacha, kwa sababu hivyo vingeweza kuwa vya mtu yeyote. Nikatoka na wembe ndani ya pindo la gauni.

Aliyepiga kelele ni shangazi yake Serge. Wakaingia wote, wakakanyagana. Mchungaji wao akaishika kalke akaiinua kwenye mwanga wa dirisha. Hapakuwa na tundu wala doa la maji.

"Maji inamwangaka wino," akasema polepole. "Moto inachomaka karatasi. Hii ni mukono gani?" Akaigeuza. "Mufu amekatala kuangalia."

"Kuangalia nani?" akauliza mjomba. "Mu nyumba mulikuwa nani?"

Vichwa vyote vikageuka kwa Yaya Tereza, ambaye alikuwa ameketi sasa, kitenge mabegani.

Wakamwita Kaku, kwa kuwa karatasi ilikuwa yake. Alikuja taratibu. Aliishika, akapitisha ukucha wa kidole gumba juu ya pale uso ulipokuwa, kutoka paji mpaka kidevu, midomo inacheza. Nilidhani anaomba. Halafu akairudisha kitini.

"Macho yangu haionake tena muzuri," akasema. "Sijue."

Nilifurahi. Lazima niandike neno hilo kama lilivyo, nilifurahi. Nilijiambia: hata Kaku hajui.

Siku ya tatu, siku ya kuvunja matanga, familia ilikaa kuamua kama mjane abaki kwenye vile vyumba viwili au aondoke. Kila mtu alijua kikao kile kinakuja, na mpaka juzi yake Mama Serge alikuwa anasema atabaki, ni binti yangu. Sasa alitazama mikono yake. Mjomba ndiye aliyesema. Marehemu mwenyewe amegeuza uso, sisi ni nani wa kumlazimisha? Mchungaji akatikisa kichwa kukubali. Wakamuuliza Yaya Tereza kama ana neno.

Alituangalia wote. Macho yake yalipita kwa wanaume, yakapita kwa wamama, yakapita kwangu nilipokuwa nimeegemea nguzo ya turubai.

"Hapana," akasema.

Aliondoka na furushi na sufuria. Matofali aliyoyakanyaga kwa miguu yake yalibaki, mwezi uleule mjomba akavipangisha vile vyumba.

Patriki alipewa dawa za malaria, akapona siku ya nne, na baba akamkataza Kamatanda. Mimi nilijua kilichomponya. Mwaka mzima nilijiona kama niliyemwokoa ndugu yangu, na nilipomwona anakula nilimhesabia matonge kwa fahari. Kaku alifunga sanduku. Alisema macho yamekwisha, hatafundisha tena. Niliamini ni macho.

Baadaye nikasoma, nikajua malaria ni nini na kalke ni nini. Hofu ikaondoka, ikabaki hadithi ya kuchekesha. Ndani yake mimi nilikuwa mjanja pekee katika umati wa wajinga, mtu mmoja aliyejua ukweli. Kuhusu Yaya Tereza nilikuwa na jibu langu: nilikuwa mtoto, walimfukuza wao, wangetafuta sababu nyingine. Inawezekana ni kweli. Nililitumia jibu hilo kama mtu anavyotumia mlango kujifungia.

Kwenye matanga ya Kaku, nyuma kabisa, alikaa mwanamke mnene mwenye mvi za mapema, peke yake, analia bila sauti. Nilimuuliza shangazi ni nani.

"Haumujue? Si Tereza, bibi ya Serge? Anauzishaka unga ku Mulungwishi."

Alikuwa ameondoka kabla sijamfikia. Sanduku nilipolifungua jikoni na harufu ile ikanipanda, swali nililokuwa nalo lilikuwa moja. Kwa nini mwanamke yule aje kumlilia mzee aliyesema "sijue"?

Nilikwenda Mulungwishi Jumamosi. Nilimkuta sokoni, mbele ya magunia matatu, mikono myeupe mpaka viwikoni. Maneno nilikuwa nimeyapanga njia nzima.

"Jambo, Yaya Tereza."

Aliniangalia sana. "Eh! Weye njo ule mutoto ya wino."

"Nimekuja kukuambia kitu. Ile picha ya Serge..."

"Ulikwangua na wembe," akasema, akajaza kopo la mteja, akalisawazisha kwa kiganja. "Ulianza na macho. Nilifikiri utamaliza mbio. Kumbe weye, pole-pole, kama mutu anamenya kiazi."

"Ulikuwa umelala."

"Nani analalaka, bwana yake alishakufa?"

Maneno niliyoyapanga yote yalikwisha pale. Nikauliza kwa nini hakusema.

"Niseme nini? Ati mutoto wa miaka kumi amefuta uso ya mufu? Kwa ule pasta? Kwa ule mujomba?" Akafuta mikono kwenye kitenge. "Unakumbuka kale katoto ka avenue ya nyuma? Kenye walifungia mu chumba ya maombi siku tatu, juu kalilota mbaya?"

Nilikumbuka. Alikuwa wa darasa langu. Alitoka amekonda, hasemi, halafu hakurudi shuleni, halafu hakuwepo kwao. Sisi watoto tuliambiwa amepelekwa kwa shangazi yake, tukarithi goroli zake.

"Walikuwa wanatafuta mulozi siku ile," akasema. "Lazima wangepata. Miye nilikuwa na miaka makumi mbili na mbili. Nilikuwa na miguu. Weye ungeenda wapi?"

"Na Kaku?"

"Muzee alinifuata mpaka ku kona. Alitaka kurudia, awaambie wote ni wembe. Alikuwa analia mu njia, mutu mukubwa vile. Nikamuambia: uende kwako, muzee, uchunge mutoto." Akatabasamu kidogo. "Kila mwaka alikuwa anakuja hapa kunisalimia. Hakukuambia?"

Nilitikisa kichwa.

"Lakini weye," akasema, "miaka hii yote, ulikuwa unafikiri nani anajua?"

"Nilifikiri ni mimi peke yangu."

Akacheka, kicheko cha kweli, mpaka jirani yake wa maharagwe akageuka. "Peke yako! Hauambiaka batu?"

Ningeweza kudanganya. Sijui kwa nini siku ile, kati ya siku zote, nilishindwa.

"Nawaambiaka. Kule chuo."

"Eh? Na wanasemaka nini?"

Vumbi la unga lilikuwa linaelea kati yetu. Nilitazama kopo lake, nikatazama magunia, nikatafuta mahali pengine pa kutazama.

"Wanachekaka," nikasema.

Yaya Tereza aliacha kucheka. Alichukua kopo, akaliingiza guniani, akalitoa limejaa, akalisawazisha kwa kiganja, ingawa hapakuwa na mtu aliyeagiza. Nyuma yangu wanawake wawili walikuwa wamefika na vikapu, mmoja anauliza bei.

"Songa kidogo," akaniambia, bila ukali. "Unafungia batu njia."

Nikasonga.